Kichwa cha Marehemu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mjomba wangu alinunua pikapu iliyoungwa kwa magari mawili ya ajali: kichwa cha moja, mkia wa jingine. Kadi ya gari bado ilikuwa na jina la mwenye kichwa, mfanyabiashara wa Njisi aliyepinduka na gari lake akafa. Ili tubadilishe jina, tulihitaji saini ya mjane. Basi tukaenda na pikapu hadi kwake, mimi nikiwa nimepakata mkungu wa ndizi wa kumlainisha.

Mama yule alilizunguka gari polepole.

"Ndilo lililomuua mume wangu?"

"Nusu yake tu, mama," mjomba akajibu, kofia mkononi. "Huku nyuma hakuhusiki."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaangua kicheko, akashika mlango wa dereva asianguke. Mlango ukachomoka, akabaki nao mkononi.

"Ndaga," alishukuru, akimkabidhi mjomba mlango wake. "Siku zote hizi nimekuwa nikiilaumu pombe."

Akatia saini palepale. Tulipojitolea kumfikisha sokoni Kyela, alikokuwa akienda, alisema atatembea.