Mihogo Chini ya Gunia

Kabla sijaondoka Mombasa niliandika kwenye simu orodha ya mambo yote yanayoweza kuniharibikia ugenini. Yalifika ishirini na saba. Kuugua tumbo, kuumwa na nyoka, kusahau jina la mwenyeji, kukoroma. Mihogo haikuwamo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya sayansi ya chakula, na nilikuwa nimekaa nyumbani karibu mwaka mzima bila kazi. Ndipo nikachaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wahitimu kati ya Kenya na Tanzania. Miezi mitatu katika ofisi ya kilimo Butiama, nikiishi na familia ya wenyeji. Mratibu alinipokea stendi ya Musoma, mama mchangamfu ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa uzi. Garini akanieleza utaratibu.

"Jumamosi alasiri nitapita. Nitakuuliza wewe, nitawauliza na wao, kila mmoja pembeni. Mkiwa hamjapatana, kuna familia nyingine Bunda inakusubiri. Kwa hiyo usiogope."

Mimi mtu akiniambia nisiogope ndipo naanza. Safari nzima nilikuwa nikijiuliza Jumamosi watasema nini kuhusu mimi.

Na kibaya zaidi, niliwapenda. Saa ya kwanza tu. Walikuwa watatu katika ile nyumba: Baba, mkulima mwenye ng'ombe saba na maneno machache, Mama, mkewe, aliyecheka hata akiwa anakaripia kuku, na Bibi, mama yake Baba, ambaye aliushika mkono wangu pale mlangoni akaendelea kuushika tulipokaa, kama kwamba nimeletwa kwake kwa posta na anaogopa nitarudishwa. Watoto wa nyumba hiyo wote walikuwa wameshaondoka kwenda mijini. Nilipewa chumba cha binti yao wa mwisho, chenye dirisha linalotazama miamba mikubwa iliyopandana. Nilisema moyoni: hapa. Bunda siendi.

Lakini dalili zilikuwa mbaya. Siku ya kwanza nilipikiwa wali. Siku ya pili wali tena, na kuku. Baba alikula nami sebuleni, taratibu, kama mtu anayetimiza wajibu. Jikoni, Mama na Bibi walikuwa wanakula kitu kingine, ugali wa rangi ya udongo, wakicheka. Nilipoinuka kupeleka vyombo, Mama alinipokonya.

"Kaa, mgeni."

"Niache nioshe hata vikombe, Mama."

"Wewe mgeni bwana! Kaa."

Usiku huo sikulala vizuri. Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho ndiyo ya tatu, na ndiyo Jumamosi. Nikawaza: wasiponipa jembe, maana yake hawanihesabu. Wakinipa, huenda wamechoka na mimi. Nikaona njia ni moja tu, nilichukue mwenyewe kabla hawajaamua.

Asubuhi Mama alikwenda kwenye sala ya jumuiya, Baba akatoka na ng'ombe, Bibi akarudi kujilaza kidogo. Nikafagia uwanja wote. Nikajaza maji. Bado jua lilikuwa chini, nikazunguka nyuma ya jiko kutafuta kazi nyingine, na hapo nikaona lundo limefunikwa majani ya migomba, juu yake gunia, juu ya gunia mawe.

Nilifunua. Joto lilinipiga usoni, na harufu kali yenye uchachu. Ilikuwa mihogo, imemenywa vizuri, mingi, na yote imeota ukungu. Si ukungu wa kubahatisha. Ulikuwa na manyoya meusi kama masizi, na mahali pengine rangi ya chungwa.

Mwenye akili nyingine angemwamsha Bibi amuulize. Mimi nilisimama pale nikafikiri. Nimesomea usalama wa chakula miaka minne. Nikiwaambia mihogo yao imeoza, nitawaaibisha. Nikinyamaza, watakula na wataugua, na mratibu atawakuta kitandani. La kiungwana ni kuitupa kimya kimya, wadhani wameibiwa na nguruwe. Sikujiuliza ni nguruwe gani huyo anayerudisha gunia mahali pake na kupanga mawe.

Nilifanya safari tano na beseni hadi shimo la taka. Kisha nikamwaga majivu juu, kama tulivyofundishwa.

Nilikuwa nanawa mikono Bibi alipotokea na kisu kidogo na ungo. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Halafu akarudi.

"Mjukuu. Mihogo yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Nilieleza yote, ukungu, sumu, mitihani niliyofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda akachungulia shimoni, akatazama yale majivu. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Mimi nikaenda kupanga nguo zangu kwenye begi.

Mama aliporudi nilisikia wanazungumza Kizanaki, Bibi kwa sauti ya chini, Mama akiuliza, Bibi akijibu. Halafu ukatoka mlio ambao kwanza nilidhani ni kilio. Nilipofungua mlango, Mama alikuwa amekaa chini, kashika mbavu.

"Na majivu!" alisema, machozi yanamtoka. "Jamani! Ameizika na majivu!"

"Mama, nisamehe. Ilikuwa imeoza."

"Tunaiozeshaga sisi! Ule ni udaga, mwanangu. Unamenya, unafunika, unaacha iote hayo manyoya. Leo Bibi alikuwa aparuze, tuanike pale juu ya mawe, ikikauka tunasaga. Ndiyo ugali wenyewe."

"Ule wa jikoni?"

"Ule ule. Tuliogopa kukupa. Tuliambiwa watu wa Mombasa wanakulaga wali tu, na kwamba wewe umesomea chakula. Baba yako amechoka na wali huo, hasemi tu."

Bibi hakuwa anacheka. Alinitazama, akalitazama begi langu lililokuwa wazi kitandani, akaondoka. Aliporudi alikuwa na majembe mawili. Moja akanipa.

Tulichimba mihogo mpaka mgongo wangu ukaanza kuongea peke yake. Mratibu alipofika alasiri alinikuta nimekaa chini kando ya Bibi, namenya, nimepakaa udongo hadi kwenye nyusi. Kucheka kwa Mama ni kucheka, lakini Bibi ndiye mwenye nyumba, na tangu asubuhi alikuwa hajanishika mkono.

"Niwaulize pembeni," alisema mratibu.

"Pembeni ya nini?" Mama akasema. "Uliza hapa hapa."

"Haya. Mgeni wenu mnaonaje? Maana Bunda wanamsubiri, nyumba nzuri, ina intaneti."

Bibi alitupa muhogo kwenye beseni.

"Bunda?" alisema. "Huyu hatoki. Amemwaga lundo langu zima. Amenye kwanza."

"Atamenya hadi lini, Bibi?"

"Wewe si ulisema miezi mitatu?"

Mratibu akanigeukia. "Na wewe? Una lolote?"

Nilikuwa nimeandaa majibu manne tangu Alhamisi, moja la Kiingereza. Yote yalipotea. "Sijamaliza hii," nikasema, nikamwonyesha rundo.

Jioni ile sikuandaliwa sebuleni. Kigoda kiliwekwa jikoni, sinia ikawekwa katikati, ugali wa unga wa udaga wa zamani uliobaki na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa mchuzi. Ugali ulikuwa na uchachu kwa mbali, na ulivutika. Baba alikuja pia, akakaa, akamega tonge kubwa, akafumba macho.

"Ahsante, mwanangu," aliniambia. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia mpaka siku hiyo.

"Angalia miiba," Bibi akasema, akaushika mkono wangu uliokuwa na samaki, akaniondolea mwenyewe.

Jumanne, kabla ya kwenda ofisini, nilimkuta Bibi nyuma ya jiko akinisubiri. Aliondoa mawe, akainua pembe ya gunia, akarudi nyuma ili nitazame mimi. Niliinama nikanusa. Nikabonyeza mmoja kwa kidole.

"Tayari?"

"Bado, Bibi. Manyoya machache. Kesho."

"Mtaalamu," alisema, akarudisha mawe.