Mbegu za Kiwikoni

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kiwiko cha mkono wa kulia kilinigomea. Nilikuwa nimetwanga mtama na kulima kwa fujo ili nisifiwe, mshipa wa upande wa nje ukaanza kuuma hata kata ya maji nikashindwa kuinyanyua. Nikaficha. Niliogopa kurudishwa kwetu, na ng'ombe wa mahari yangu kaka yangu alikuwa ameshawatoa kuoa mke wake.

Mama mkwe akaniona nikisonga ugali kwa mkono wa kushoto. Alichukua mbegu kuukuu za pamba, akazipasha moto kwenye kigae, akazifunga katika kipande cha kaniki. Alikigusisha kwanza shavuni mwake kupima joto, ndipo akanikanda. Raha niliyoisikia siwezi kuisimulia. Mkono ulilegea, nikasinzia nimekaa. Ikawa hivyo kila jioni, na mchi akauchukua yeye, akidai anataka kupunguza mwili, mwanamke mwembamba vile.

Kisha akaenda msibani kwao kwa siku kadhaa. Mbegu za kwenye kaniki zilikuwa zimeungua, kwa hiyo nikachota nyingine katika kikapu kilichokuwa pembeni, nikazipasha na kujikanda mwenyewe. Nikimaliza, kwa usafi wangu, nilizirudisha kikapuni na kuzichanganya vizuri. Kila jioni nilichota upya.

Mvua ziliponyesha tukapanda. Pamba ya majirani ikachomoza, yetu ikaota huku na kule, shamba zima likabaki na mapengo. Baba mkwe akalaumu panya. Mume wangu akalaumu mchwa. Mimi nilijua: kikapu kile kilikuwa cha mbegu za kupanda, na mbegu iliyopashwa moto haioti.

Nilimfuata mama mkwe jikoni, nikapiga magoti, nikasema yote. Akaushika mkono wangu wa kulia, akabonyeza kiwiko kwa nguvu.

“Kinauma?”

“Hakiumi, mama.”

“Basi zimeota hapa. Chukua jembe, mwanangu.”

Akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, nami nikacheka huku nalia. Tuliziba mapengo yote sisi wawili, yeye akidondosha mbegu mpya, mimi nikichimba kwa mkono wa kulia. Alikufa mzee sana bila kumwambia mtu, na mpaka siku hiyo pale nyumbani kwake walilaumiwa panya.