Sahihi za Majirani Wawili

Fundi bomba alikuwa akiingia nyumba za Mtaa wa Juu kwa mlango wa nyuma miaka ishirini na mbili. Alilala chali chini ya masinki ya watu weupe, na kila alipomaliza kazi aliandika kwa penseli, ndani ya mlango wa kabati, tarehe na namba yake ya simu. Kwake Bondeni, wanakoishi weusi, mtaa mzima ulichota maji kwenye bomba moja. Magoti ya mkewe, Mama Watoto, yalishakwisha kwa ndoo. Daktari hakumung'unya maneno: akiendelea kubeba, mwaka hautaisha akiwa bado anatembea.

Ndipo nyumba namba kumi na moja ilipobaki tupu kule juu, fundi akaiomba. Sheria ya zamani ya kumkataza mweusi kulala kule ilishafutwa, tena kwa hotuba na makofi. Siku hizi ofisi ya nyumba haimuulizi mtu rangi yake, thubutu! Inataka tu sahihi za majirani wawili wanaoishi kule kule. Sasa niambie, kule kule wanaishi akina nani?

Fundi wala hakujiuliza. Aliwajua wote, mpaka majina ya mbwa wao. Jumapili moja alichukua ufunguo wa namba kumi na moja alioachiwa kwa ajili ya matengenezo, akang'oa bomba bovu la jikoni na kuweka jipya, bila kutumwa na mtu. Mama Watoto alikwenda naye. Alifungua maji, akafunga, akafungua tena, huku akicheka peke yake. Fundi akaandika tarehe na namba kabatini, kwa mazoea tu.

Kisha akaanza kuzunguka na fomu. Mwalimu mstaafu wa namba tisa alimpitisha mlango wa mbele, akamwekea chai, akaisoma fomu mara mbili.

"Wewe ni kama ndugu yetu," alisema. "Ndiyo maana sitaki uje ujisikie mpweke huku."

Kalamu haikutoka mfukoni. Mama wa namba kumi na tatu alisema mpaka amuulize mumewe. Mume naye akasema hayo ni mambo ya mke. Wiki tatu alizunguka, na kila mlango alipewa mkono na pole ya jua. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, angalau angejua agombane na nani. Karani wa ofisi, mweusi mwenzake, alimrudishia fomu bila kumtazama usoni. Alisema yeye hupokea zilizokamilika tu, na kaka amsamehe.

Mwezi uliofuata, fundi na mkewe wakiwa kwenye foleni ya maji, simu ikaita.

"Fundi? Tumehamia namba kumi na moja. Tumekuta namba yako kabatini, tukasema tukushukuru. Maji yanatoka vizuri mno."

Sauti ilikuwa ya kijana, changamfu, isiyo na ubaya wowote. Fundi alijikuta akimuuliza sahihi walizipataje.

"Zile? Majirani walituletea fomu wenyewe, wameshasaini. Watu wa huku wana roho nzuri sana."

Fundi aliitikia kuwa ni kweli, akakata simu. Zamu yao ilikuwa imefika, na Mama Watoto alishainama kwenye ndoo, akiuliza nani huyo.

"Mteja," alisema. "Anashukuru, maji yanatoka."