Sindano Zilizobaki

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nilikuwa nesi mpya katika zahanati moja upande wa Msambweni, na kilichonitisha zaidi ni macho ya watoto. Mama alikuwa akimfungua mwanawe leso, unakuta kope zimegandana kwa usaha, kitoto hakina hata wiki duniani. Nilijua kuwaosha na kuwatia dawa. Kuwauliza mama zao kuhusu maradhi ya zinaa yaliyoleta usaha ule sikujua.

Dresa aliyetusimamia alikuwa mchapakazi, mtu wa kufunga vidonda tangu enzi za mkoloni. Lakini mgonjwa wa maradhi ya zinaa alikuwa akimsimamisha barazani na kumfokea mbele ya watu mpaka ajute kuja. Kwa hiyo hawakuja. Ugonjwa ukabaki majumbani, ukitembea kimya kimya, na sisi tukawa tunapokea matokeo yake tu.

Ndipo akaletwa sista mkufunzi kutoka Mombasa, mama wa makamo, mpole wa maneno. Alitukalisha wiki nzima katika chumba cha kupimia watoto. Alimwambia dresa ajifanye mgonjwa, nami nimhoji.

"Funga mlango kwanza," aliniambia. "Sasa kaa. Usimtazame kama hakimu."

Dresa akacheka. "Sista, watu hawa nawajua mimi. Ukiwabembeleza, kesho watarudi na jingine."

"Na wasiporudi kwako, watakwenda wapi?"

Siku ya kuondoka, sista alinishika mkono. "Mwanangu, ukimtibu mke ukamwacha mume, umefanya nusu ya kazi. Lakini jihadhari. Hiyo nusu ya pili ndiyo yenye hatari."

Haukupita muda mrefu akaja mwanamke mmoja mja mzito. Mimba zake mbili za mwanzo alikuwa amejifungua watoto waliokwisha kufa, ngozi zao zikimenyuka. Nyumbani walimwambia ana jini, na alikuwa amezungushwa kwa waganga mpaka amechoka. Nilimtoa damu, ikapelekwa hospitali kuu. Majibu yalikuwa kaswende.

Nilifunga mlango nikamweleza. Hakulia. Alitazama dirishani kwanza, kama anayehakikisha hakuna mtu.

"Mimi sijamjua mwanamume mwingine."

"Nakuamini, dada."

"Wewe waniamini. Wao watasema nimenaswa na tego."

Nilielewa. Kwetu wengi waliamini mume mwenye wivu anaweza kumwekea mkewe tego, dawa ya kumuumbua akitoka nje. Mwanamke akionekana na ugonjwa ule, kesi yake imekwisha.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa malori kule Mackinnon Road, akirudi nyumbani mwisho wa juma, kazi zikipungua. Tulikubaliana mke aje kila asubuhi kudungwa sindano, kama mja mzito yeyote anayekuja kuangaliwa, na mume akirudi nizungumze naye mimi mwenyewe, faraghani. Alipodungwa ya kwanza alinishukuru kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani, nikimzalisha mama mwingine. Nikasikia sauti ya dresa barazani.

"Wewe wa kaswende, pita huku. Sindano yako iko tayari."

Nilipotoka, mikono yangu ingali na sabuni, wanawake mabenchini walikuwa wamejisogeza pembeni, na mmoja amemvuta mtoto wake mapajani. Yule mwanamke alikwisha kuvuka ua, amejifunika leso mpaka usoni.

"Kwani nimesema uongo?" dresa aliniuliza.

Hakurudi siku hiyo wala ya pili yake. Jirani yake aliyekuja na homa aliniinamia sikioni. "Mumewe amepata habari, amefika. Amekuja na lori katikati ya juma. Hajawahi kuja katikati ya juma."

Alasiri nilikwenda. Nyumba ilikuwa imefungwa madirisha, na hapakuwa na moshi jikoni. Nilipiga hodi kwa muda. Aliyetoka ni kijana mrefu, shati safi, akanisalimia kwa ukamilifu, akaniuliza hali ya kazi na ya wazazi wangu. Hakunikaribisha kukaa.

"Nimekuja kumwona mkeo, bwana. Ana sindano zimebaki."

"Mke wangu hana ugonjwa. Amepumzika."

Ndani nilisikia kikohozi, kikakatika ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo. Yule bwana akasogea akaujaza mlango.

"Nawe Nesi, usiwe ukipita njia hii peke yako. Si njia nzuri."

Miguu ilitaka kuondoka. Nikamwuliza, taratibu, kama nilivyofundishwa: "Bwana, umewahi kupata kidonda huku chini, kisichouma, kikapona chenyewe?"

Mkono wake ulibaki juu ya mwimo. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Ndivyo kaswende inavyoanza. Kidonda hupona, ugonjwa hubaki. Mkeo hakutoka nje. Na mtoto bado anaweza kuokoka, mkija nyote wawili kesho."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso.

"Nenda kwa heri, Nesi."

Nilisikia komeo likiingia. Nilipofika kwenye minazi niligeuka, nikamwona ananifuata kwa mbali, hakimbii wala hasimami. Alinifuata hivyo mpaka barabara kuu. Alitaka nini, sijajua hata leo.

Kesho yake nilifungua chumba mapema, nikangoja. Jirani akaja kuniambia kwamba alfajiri yule bwana amemrudisha mkewe kwa wazazi wake, kijijini Jego. Nilituma ujumbe kwa mkunga wa kule. Jibu lilichelewa. Mtoto alizaliwa hai, akaishi siku chache, akazikwa. Mama alikwisha kupewa talaka.

Masika ilipokuwa inaisha, yule bwana alisimama mlangoni pangu akaniomba nimtibu. Alikuja kila siku hadi dawa ikaisha. Siku ya mwisho aliuliza, bila kunitazama:

"Wale watoto watatu. Ni mimi?"

"Ni ugonjwa, bwana."

"Nimekuuliza kama ni mimi."

"Ulitoka kwako. Ndiyo."

Alifunga vifungo vya shati, akanishukuru kwa adabu ileile, akarudi Mackinnon Road.

Sista mkufunzi aliporudi kutukagua nilimsimulia yote. Alimhamisha dresa kwenye stoo ya dawa, mbali na wagonjwa. Kisha akauliza: "Na yule mama, alimaliza sindano?"

Hakumaliza. Nilikuwa nimesikia ameolewa tena, ng'ambo ya mpaka, na ana mimba. Kila aliyekuwa akielekea Vanga, kule mpakani, nilimpa salamu amfikishie, kwamba apite hospitali yoyote iliyo karibu naye. Hakuna aliyeniletea jibu.