Msamaha wa Ustinya

Ustinya alikuwa mwoka mikate ya kanisa kule Novgorod, mji wa Urusi, na tanuri lake lilijulikana mtaa mzima. Lilikuwa la udongo, kubwa, la kuokea na la kuogea pia; siku ya kuoga mtu aliingia ndani kwa magoti likiwa bado na uvuguvugu, akatoka ameiva uso. Mumewe Nechai, muuza nta, alikuwa na kitambi, na Ustinya alizoea kumtania kwamba siku moja atakwama humo na yeye hatakuwa na la kufanya ila kumwoka pamoja na mikate.

Baridi ya mwaka ule utani uliisha. Mfalme Ivan alikuja na wapanda farasi wake weusi, kila mmoja na kichwa cha mbwa na ufagio kwenye tandiko, ishara ya kuwanusa wasaliti na kuwafagia, kwa kuwa kuna mtu alimnong'oneza kwamba Novgorod inataka kumsaliti. Na mfalme yule, Mungu anisitiri, aliona wasaliti hata kwenye bakuli la supu. Wauaji wake aliwavalisha majoho ya watawa, akawaamsha wasali, wakitoka kwenye sala wakaenda kutesa watu. Novgorod walifungwa kamba wafanyabiashara, mapadri na wake zao, wakatupwa mtoni kutoka darajani, na chini yao walikuwapo wengine ndani ya mashua, wenye shoka, wakimsubiri atakayeibuka. Istoma, mtoto pekee wa Ustinya, alitupwa siku za mwanzo. Kosa lake ni kuwauzia nta watawa wa mji, nao mfalme aliwaita wasaliti.

Tangu hapo walimtafuta baba yake. Tanuri halikuwashwa tena, na kila kwato ziliposikika Nechai aliingia humo akajikunja.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hiyo kwetu watu hula chapati za maji kwa siagi mara ya mwisho, kisha huinamiana mpaka chini. Mmoja husema, "Nisamehe." Mwenzake hujibu, "Mungu atakusamehe, nami nimekusamehe." Hakuna anayekataa, hata kwa aliyekuchomea ghala.

Adhuhuri kwato zikasikika. Nechai aliwahi kuingia tanurini, Ustinya akaweka kifuniko cha ubao, na papo hapo mlango ukasukumwa. Akaingia kijana mwenye joho jeusi, peke yake, pua imemwiva kwa baridi.

"Mama, chapati zipo?"

"Hazipo, bwana."

"Nyumba ya mwoka mikate, leo hii, hakuna chapati? Acha masihara." Akaweka kiganja juu ya tanuri. "Na hili mbona baridi hivi? Mmehama?"

"Kuni zimekwisha."

Kijana akacheka. "Na hizi hapa mlangoni ni nini, samaki? Kaa, mama yangu, upumzike. Leo nakuwashia mimi."

Akakumbatia magogo, akalikaribia tanuri, vidole vikagusa kifuniko. Ustinya akajitupa chini, paji la uso sakafuni.

"Nisamehe!"

Mila ni mila. Kijana akaacha kifuniko, akasimama kumsikiliza.

"Nimekudanganya, kuni zipo. Sikuwasha kwa sababu niliapa hakuna hata mmoja wenu atakayekula cha moto wangu. Mwanangu mlimtupa darajani. Istoma, yule wa nywele nyekundu. Nawachukia, bwana, na nimeshindwa kuacha. Nisamehe."

Hakukuwa na uongo hata kidogo katika chuki ile, na kijana aliusikia ukweli wake.

"Wa nywele nyekundu?" Magogo yakamponyoka. Akapiga magoti, naye akainama mpaka chini. "Mungu atakusamehe, nami nimekusamehe. Nisamehe na wewe, mama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashua."

Ustinya aliitazama shingo ile changa. Alitamani kuikanyaga. Lakini akinyamaza, kijana atainuka na aibu yake itageuka hasira, na moto utawashwa. Akijibu kwa midomo mitupu, atajua. Ilibidi autafute msamaha wenyewe, wa kweli, na kwa hofu aliyokuwa nayo aliupata.

"Mungu atakusamehe, mwanangu. Nami nimekusamehe."

Kijana alilia, akambusu mkono, akaondoka bila kukumbuka njaa.

Nechai alitoka mweusi kwa masizi. Hakumkumbatia.

"Umemwita 'mwanangu'."

"Ningefanyaje, baba Istoma? Ungeungua."

"Bora ningeungua. Na ulimsamehe kweli. Nilikusikia sauti."

Ustinya akamwinamia mpaka chini. "Nisamehe, Nechai."

Nechai akaenda kutafuta maji ya kunawa.

Waliishi pamoja mpaka uzeeni, wakala sahani moja. Kila mwaka, Jumapili ile, Nechai aliwazungukia majirani wote akiinama, na zamu ya mkewe ikifika alikumbuka kazi uani. Mwishowe Mfalme Ivan naye akafa, kengele zikapigwa, na kanisani watu wakafanya ishara ya msalaba wakisema, "Mungu amsamehe." Nechai alisema pamoja nao, kwa sauti ya kusikika. Ustinya alikuwa amesimama ubavuni pake na mshumaa mkononi, akamgeukia, akangoja. Nechai akavaa kofia yake, akatangulia nje.