Birika na Seva

Fundi wa seva wa hospitali ana mazoea ya kugonga meza kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kila anapogonga, programu yake huiuliza hifadhidata ya wagonjwa swali moja dogo, huku sekunde zikihesabiwa pembeni mwa skrini. Ikikataa, yeye hutabasamu. "Seva imewaka, haijaamka," huwaambia makarani wa mapokezi. Wao walizoea kupima kwa birika muda wa seva kuamka: umeme ukirudi wanachemsha maji, yakichemka wanafungua madirisha ya mapokezi. Kisha likaja birika jipya linalochemka haraka, wakafungua mapema, na hakuna jina la mgonjwa lililotokea kwenye skrini.

Leo umeme ulipokatika na kurudi, foleni ilikuwa imefika getini. Birika likachemka, likajizima. "Dada, tufungue?" aliuliza mkuu wa makarani, mkono ukiwa kwenye pazia la dirisha. "Bado, kaka," fundi akajibu. Kidole kikagonga, kikagonga tena, kikabaki hewani. Hifadhidata imejibu! "Haya, karibuni!" Madirisha yote yakafunguka kwa pamoja, majina yakamiminika, na foleni nzima ikapiga makofi. Mkuu wa makarani akalibeba birika mwenyewe hadi jikoni. "Wewe," akaliambia, "kazi yako chai."