Mwendo wa Saa Moja hadi Mtwara

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar hadi wa Mtwara ni mwendo wa saa moja, siku nyingine haufiki. Nimemtambia mama yangu kwa saa hiyo miaka mingi. Akiniuliza mbona siji, namjibu, "Mama, mie niko hapo tu! Ukibandika chai, ikichemka nimeshafika." Anacheka. Basi la kutoka Mbagala linakula siku nzima, na yeye ndege hajawahi kupanda, basi aliniamini. Jambo moja tu aliniomba: siku akifa nimwoshe mie, bintiye wa pekee. "Sitaki kuvuliwa nguo na watu tu," alisema. Nikamwahidi.

Asubuhi ile mjomba, mdogo wake mama, alinipigia simu niko Chang'ombe kwenye cherehani yangu. "Mama yako hajaamka vizuri. Njoo leo, panda ndege." Nikamwambia anipe niongee naye. "Amelala," akasema.

Jamani, mtu mzima na akili zangu! Kwetu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, asije akaanguka njiani. Mie mwenyewe nilishampigia jirani yangu aliyekuwa Tanga, nikamwambia mumewe amelazwa, ilhali tumeshamfunika shuka. Na bado sikushtuka. Nikafikiria malaria.

Siku ile kulikuwa na ndege mbili, na ya asubuhi ilikuwa na nafasi. Nikakata ya mchana. Nilikuwa na magauni manne ya sare ya harusi hayajapigwa pindo, mteja mwenyewe mkali, na Mtwara si saa moja tu? Nikapiga pindo. Nikapita dukani kumnunulia mama maziwa ya unga. Uwanjani nikakaa nimestarehe, nakunywa soda. Nikiikumbuka ile soda natamani kujizaba makofi.

Ndege ikaruka, ikatua, saa haikutimia. Nje mjomba alikuwa amesimama na kanzu, magotini ina udongo mwekundu, bado mbichi. Mfuko wa maziwa ukanidondoka.

"Mmemzika?"

"Baada ya adhuhuri. Alifariki alfajiri, mwanangu. Tulikusubiri ndege ya asubuhi. Ulipokosekana, masheikh wakasema maiti hacheleweshwi."

Nikampigia kelele pale pale mbele za watu, mjomba wangu ambaye sijawahi hata kumjibu. "Mngeniambia! Mngeniambia tu kafa, ningekuja hata peku!" Naye akalia. Akasema walinionea huruma. Huruma! Huruma hiyo inanitafuna moyo hadi leo. Lakini simlaumu sana. Ndege ya asubuhi niliiacha mie.

Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa hadi barazani. Nikamtafuta bibi mmoja jirani, waliyeniambia ndiye aliyeongoza kumwosha mama. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo bibi. Maji yalikuwa ya moto?"

Mama yangu alikuwa haogi maji baridi, hata joto liwe kali vipi. Kila alfajiri nilipokuwa kwake, mie ndiye niliyembandikia sufuria.

Yule bibi akanishika mikono yote miwili.

"Hatukujua, mwanangu," akasema. "Tulichota tu kisimani."